Moshi Siku ya Jiko Baridi

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Baba Tuktuki, usinifanye chizi! Ufunguo wa kibanda cha bwawani uko wapi?"

"Punguza sauti. Leo sikukuu, majirani wanakula."

"Wasikie! Wapaliwe na hicho chakula!"

Ee bwana, huko ndiko tuliko. Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilishafungiwa bisi za mchele kabla hujalisoma, nakupa kidogo tu halafu twende, maana humu ndani hapakaliki. Minoti alitoka uani kuchota maji. Akainua macho. Akaona moshi unapanda kutoka kwenye kibanda cha walinzi wa bwawa la Shalukdanga.

Moshi. Siku ya jiko baridi!

Kwetu huku, mashariki ya Kolkata, siku hii hata mlevi hawashi kiberiti. Chakula kinapikwa jana yake, jiko linafutwa, linapambwa kwa yungiyungi, mama wa nyoka, mungu wetu wa kike, anaombwa mbele yake, na watu wote wanakula baridi. Kwa hiyo aliyewasha moto ule si mtu wa kwetu. Na funguo za kibanda anazo nani? Subal, mlinzi wa bwawa. Mume wa Minoti. Ndiye huyo amekaa mkekani anachambua miba ya samaki kama hakuna lililotokea duniani.

"Ufunguo huu hapa," akasema Subal, akajipiga kiunoni. Kweli, ulikuwa unaning'inia kwenye kamba yake. "Umeridhika? Kaa ule."

"Na moto kawasha nani?"

"Rahamat, nani mwingine! Mwislamu yule, jiko baridi linamhusu nini? Kachemsha chai yake, basi. Unakimbia kwenye matope na sari ya sikukuu kwa ajili ya birika la chai!"

Minoti akawaza. Rahamat ni mlinzi mwenzake Subal, wanapokezana zamu; labda Subal alimfungulia asubuhi. Inawezekana.

Mama Kalidasi, mama yake Subal, akasukuma sahani mbele. "Unaona sasa? Kaa, mkwe wangu. Wali uko kwenye maji tangu jana, majani ya majimbi nimeyapika na vichwa vya samaki ilish kama unavyopenda. Usiniharibie siku ya mama wa nyoka."

Minoti akaanza kukaa. Goti moja lilishagusa mkeka.

"Hodi humu! Mama, kichwa cha samaki mmeniachia au mmeshakimaliza?"

Mlangoni alisimama mtu na mwavuli uliovunjika mbavu, bakuli mkononi, maji yanamtiririka ndevuni.

Rahamat!

Msomaji, ungeuona uso wa Subal. Mwiba wa samaki ulimtoka vidoleni ukaangukia kwenye wali.

"Mbona mnaniangalia kama mdai?" Rahamat akacheka. "Kila mwaka si nakuja? Au mwaka huu nimefukuzwa?"

Minoti akainuka polepole. "Kaka Rahamat, kibandani umemwacha nani?"

"Nimwache nani, shemeji? Zamu si yangu leo. Subal mwenyewe kaniambia jana, nenda kalale kwako, siku yenyewe mbaya kwa mvua, bwawa nitaangalia mimi."

Mvua tu juu ya bati.

"Zamu yako," Minoti akamgeukia mumewe. "Zamu yako, na umekaa hapa unakula."

"Nimekuja kula mara moja. Dhambi?"

"Ila nimeona kitu," Rahamat akasema, sasa hacheki. "Nimepishana na malori kwenye tuta. Yamejaa kifusi. Matofali, mabonge ya zege, vyoo vilivyovunjika. Nikasema labda wanaziba mashimo ya barabara. Lakini barabara iko kule, na yenyewe yamekata huku."

"Huku wapi?"

"Kwenye mdomo wa mfereji."

Minoti akashika ukuta.

Sasa uelewe kwa nini. Kesho asubuhi wapimaji wa serikali wanakuja Shalukdanga. Kazi yao moja tu: kuangalia pako vipi. Wakikuta maji wataandika maji, na maji hayo hakuna wa kuyagusa. Wakikuta kifusi wataandika kiwanja, na kiwanja kina wenyewe, wanangoja kwenye magari yenye vioo vyeusi wajenge maghorofa. Mdomo wa mfereji ndipo maji machafu ya jiji zima yanapoingilia bwawani. Ziba hapo, bwawa linakufa lenyewe kabla ya msimu wa baridi. Na familia zote za Shalukdanga zinakula kutoka bwawa hilo.

"Kimbia, kaka Rahamat!" Minoti akapiga kelele. "Kimbia ukawazuie! Mimi nakuja na watu!"

Rahamat akaweka bakuli chini. Likiwa tupu. Mwavuli akautupa. Akatokomea kwenye mvua.

Subal hakuinuka. Alichukua kipande cha ndimu akakamulia wali.

"Mbona humzuii?" Minoti akauliza.

"Yule ni mmoja," Subal akasema. "Mwache aende."

Sauti ile ilimtia Minoti baridi kuliko mvua. Akageuka atoke, na hapo ndipo jicho lake lilipoangukia ukutani, nyuma ya jiko.

Kuna msumari pale. Kwenye msumari huo hukaa ufunguo wa pili wa kibanda. Baba mkwe wake alikuwa mlinzi wa kwanza wa bwawa, na alipofariki, wavuvi walisema ufunguo wake ubaki kwa mjane, kwa heshima. Haujawahi kutoka hapo. Hata kuta zikipakwa udongo, unapakwa kuuzunguka.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Mama," Minoti akasema kwa sauti ndogo. "Ufunguo wa baba uko wapi?"

Mama Kalidasi akavuta upindo wa sari akafunika kichwa. Akatazama sahani.

"Mama!"

"Nimempa Nontu."

"Nontu yupi? Nontu dalali wa viwanja?"

"Jana, nilipokuwa napika. Alikuja na mwanangu. Akaniamkia, akanigusa miguu kwa heshima. Hakuna anayenigusa miguu siku hizi."

"Mama, umempa Nontu ufunguo wa kibanda kwa sababu kakugusa miguu?"

"Usinikemee!" Bibi akainua uso, na macho yalikuwa yanawaka. "Wewe umeolewa hapa juzi! Hilo bwawa lako tamu ndilo lililonilia mume. Nyoka alikuwa kwenye magugu maji, mume wangu anatoa magugu ili samaki wenu wapate jua. Wakamleta amevimba kama gunia. Halafu kila mwaka mimi ndiye wa kufuta jiko, mimi ndiye wa kumpamba mama wa nyoka, mama naomba, mama tafadhali, usimguse na mwanangu! Nimechoka kumbembeleza nyoka! Nataka mwanangu atoke majini. Nataka kufa kwenye sakafu kavu."

Minoti hakujua amwonee huruma au ampige. Mimi pia sijui. Endelea.

"Umesikia?" Subal akasema. Akainuka sasa, akapangusa mkono kwenye shuka. "Umemsikia mama? Basi na mimi unisikie. Ndiyo, nimewafungulia njia, nikawatolea ufunguo wa baba ili wangu ubaki kiunoni, mtu asishuku. Ndiyo, zamu nimeichukua makusudi. Nimeahidiwa chumba, ghorofa ya nne, bomba ndani, choo ndani."

"Ghorofa ya nne! Utafuga nini huko, popo?"

"Sitafuga kitu! Nitavaa suruali, nitakaa kwenye kiti mlangoni, nitakuwa mlinzi wa jengo. Watu wataniita kaka mlinzi. Sasa hivi wananiitaje? Unajua Tuktuki shuleni wanamfanyaje? Akikaa, wenzake wanaziba pua. Mtoto wangu! Wanakunya wao, wanavuta maji, shwaa, yameondoka, wamesahau. Yanakuja kwetu. Tunayapokea kama wageni, tunayalaza juani, tunayakoroga kwa mianzi mpaka yanakuwa kijani, samaki wanakula, samaki wanarudi mezani kwao. Halafu wanaziba pua!"

"Wazibe! Samaki si wanakula?"

"Ndiyo uniambie faida yangu ni nini!"

"Faida?" Minoti akamsogelea. "Mvua ile kubwa ya mwaka juzi umeisahau? Huko mjini walipanda juu ya vitanda na mbwa wao. Wenye choo ndani, choo kiliwarudia ndani! Sisi hapa, huku chini kuliko wote, tulikuwa tunacheza karata. Kwa nini? Kwa sababu maji yalikuwa na pa kulala!"

"Ndiyo!" Subal akapasuka. "Maji yana pa kulala! Magugu yana pa kulala! Ndege wanatoka Siberia huko wana pa kulala! Mimi sina! Chumba kimoja, mama upande huu, sisi upande ule, mtoto tumempeleka kwa mjomba kwa sababu paa linavuja! Nani aliandika kwamba mji usizame ni kazi yangu? Mimi ndiye niliyeujenga?"

Yote aliyosema Subal yalikuwa ya kweli, na ndiyo ubaya wake, uongo wake unaujua mara moja lakini ukweli wake unakukaba.

Subal akarudi akakaa. Akachukua tonge. "Sasa kaa. Tuzungumze kama watu. Labda kuna namna. Unaweza kuongea na Nontu, wewe una maneno mazuri. Kaa kwanza. Mama, mpe maji mkeo... mpe mkwe wako maji."

Ulimi ukateleza. Na Minoti akaona.

Akaona sahani ya Subal. Kipande kile kile cha samaki. Amekuwa akikichambua tangu moshi uonekane. Amekichambua mpaka kimekuwa unga, na hajameza hata tonge moja.

"Hivi," Minoti akasema taratibu, "unagombana na mimi, au unanichelewesha?"

Subal akaacha kutafuna, na kinywani hamkuwa na kitu.

Weee! Minoti hakusubiri. Mlango ulikuwa upande wa Subal, kwa hiyo hakwenda mlangoni. Aliruka mpaka kwenye madhabahu ya pembeni, akanyakua baragumu la kombe, lile jeupe la kusalia, akaenda nalo dirishani. Kwetu siku ya kawaida baragumu likilia mchana, kila mtu anajua wezi wako bwawani. Wanaume wanatoka na mianzi, wanawake wanatoka na mapanga ya samaki. Nimewahi kuona mwizi akilia kabla hajaguswa.

Akajaza kifua. Akapuliza.

Puuuuuuuuu!

Akapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akashusha baragumu, akasikiliza, anahema.

Kutoka nyumba ya pili likajibu baragumu lingine. Puuuu! Kisha la nyumba ya tatu. Kisha la ng'ambo ya mfereji. Na vigelegele juu yake. Shalukdanga nzima ilipuliza, kwa furaha, kumsifu mama wa nyoka, kila nyumba ikidhani kwa kina Subal wameanza ibada mapema. Mtoto mmoja akapita dirishani, akapunga mkono.

"Sikukuu njema, mama Tuktuki!"

Hakuna aliyetoka na mwanzi.

Minoti akabaki na baragumu mkononi. Nyuma yake akasikia Subal anacheka, kicheko kibaya, cha mtu ambaye hafurahi.

"Siku niliichagua mimi," Subal akasema. "Nontu alitaka Jumatatu. Nikamwambia hapana, ngoja jiko baridi. Siku hiyo hakuna mtu bwawani, kila mtu yuko kwake anakula. Na hata mkipuliza, pulizeni mpaka mpasuke, nani atajua? Nilipanga kila kitu. Kila kitu!"

"Ila chai," Minoti akasema.

"Nini?"

"Umewaleta watu wa mbali, hawajui jiko baridi ni nini. Wamelowa, wamekuta jiko la baba yako kibandani, wamewasha wachemshe chai. Umefikiria yote, baba Tuktuki, ukasahau kwamba mgeni akilowa anataka chai."

Subal akauma meno. Ilimuuma, ile. Ilimuuma kweli.

Na hapo ndipo mama Kalidasi aliposema, "Nani kamwaga maji?"

Akapapasa mkeka chini yake.

"Nauliza, nani kamwaga maji? Mkeka umelowa."

Wakatazama chini. Chini ya mlango ulikuwa unaingia ulimi wa maji. Mwembamba. Unatambaa kwenye sakafu ya udongo, unakata kona, unaufuata mkeka.

"Mvua hiyo," Subal akasema haraka. "Mvua imezidi."

"Mvua huvuja juu, haijawahi kuingia humu kwa mlango," bibi akasema. "Tangu nilipoletwa hapa bibi harusi, haijaingia. Mvua zote huenda bwawani."

Minoti akapiga magoti, akachovya kidole. Akakinusa. Akamwinulia Subal kidole kile usoni.

Kilikuwa cheusi.

"Nusa," akasema. "Nusa! Unayajua haya. Si uliyakoroga maisha yako yote? Haya si ya mbinguni. Haya ni ya mfereji. Mmeshaziba mdomo, baba Tuktuki, na mji haujaacha kunya kwa sababu leo ni sikukuu! Sasa yanarudi kutafuta njia nyingine, na njia nyingine ni sisi!"

Ulimi ukawa mkono. Maji yakasukuma mlango, yakaingia kwa fujo, na harufu yake yote, na makaratasi, na soli ya kiatu. Sahani ya majani ya majimbi ikaelea. Wali wa jana ukatawanyika. Nje, vigelegele vilikuwa vinageuka, kimoja kimoja, kuwa mayowe.

Mama Kalidasi hakutazama chakula. Alikuwa anatazama jiko. Lile jiko alilolifuta mwenyewe kwa kitambaa kipya, lililopakwa unga wa mchele, lenye yungiyungi mdomoni. Maji meusi yalilifikia, yakalizunguka, kisha taratibu yakaanza kuingia ndani yake. Kwenye kiti cha mama wa nyoka.

"Subal," bibi akasema, "uliniambia nguzo."

"Mama..."

"Uliniambia wanakuja kuchomeka nguzo tu! Nguzo za mpaka! Umenigusa kichwani ukaapa! Nimetoa ufunguo wa baba yako kwa nguzo!"

"Mama, na mimi nilidhani wataacha bomba. Nontu alisema wataweka bomba chini, maji yapite kidogo. Alisema..."

"Bomba liko wapi?" Minoti akamkata.

Subal akatazama maji mlangoni. Ndio kwanza alikuwa anaelewa, mjinga yule, kwamba watu waliomwahidi ghorofa ya nne hawakumwahidi hata bomba.

Nje, mbali, kutoka upande wa mfereji, mtu alipiga kelele. Mara moja tu. Sauti ya mwanaume.

"Rahamat," Minoti akanong'ona.

Subal naye aliisikia. Aliruka mpaka pembeni, akachukua mwanzi wake wa ulinzi, ule wenye chuma mbele uliokuwa wa baba yake. Minoti akamkimbilia, akamshika shati.

"Twende wote!"

"Utabaki."

"Nitakwenda! Unakwenda kumsaidia, au unakwenda kumnyamazisha? Sema!"

Akamsukuma. Minoti akaanguka kwenye maji na sari yake ya sikukuu. Na kutoka pale chini alitoa neno ambalo hajalitoa tangu aolewe, jina la mumewe, ambalo kwetu mke halitamki hata akiwa anazama.

"Subal!"

Bibi akaziba masikio. Subal akasimama kizingitini kama aliyepigwa jiwe mgongoni. Akageuka. Alimtazama mkewe majini. Akamtazama mama yake, amekumbatia jiko kama mtoto. Akatazama yungiyungi moja likitoka mdomoni mwa jiko, likizunguka, likipita katikati ya miguu yake kwenda nje.

"Niambie tu," Minoti akasema. "Rahamat alikuja hapa kula na wewe. Unakwenda upande gani?"

Maji yalikuwa yameshamfika Subal juu ya vifundo.

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake, na kwa nje, juu ya mayowe ya mtaa mzima, Minoti akasikia kufuli linafungwa.